Miraba ya ramani inatoka midogo kuliko sanamu: fanya hivi

Mkuu, umesema ramani ya mchezo uliyochapa ina miraba midogo kuliko sanamu za wahusika unazosimamisha juu yake. Ramani yako haina tatizo. Printa ndiyo imeibana ili ienee kwenye karatasi. Kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, mraba mmoja ni futi 5 za ndani ya mchezo, na mezani unatakiwa uwe inchi 1, yaani milimita 25.4. Kabla ya kuchapa, ondoa lile chaguo la kutosheza ukurasa, weka ukubwa halisi, asilimia 100. Toa ukurasa mmoja tu kwanza, uweke rula: miraba 10 lazima ifike sentimita 25 na milimita 4. Ikipungua, usiendelee kumwaga wino.

A4 kwa hesabu inabeba miraba 8 kwa 11, ila printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni, kwa hiyo panga 7 kwa 10. Ramani yako ya miraba 21 kwa 30 itakula karatasi 9. Ukiwa na PDF, Adobe Reader ina chaguo la Poster linalokukatia vipande lenyewe.

Angalia pia ubora wa picha. Ramani zilizotengenezwa kwa ajili ya Roll20, tovuti ya kuchezea michezo hii mtandaoni, mara nyingi zina pikseli 70 kwa mraba. Kwenye skrini zinapendeza, kwenye karatasi ni ukungu mtupu. Tafuta yenye 150 kwenda juu, 300 ndiyo safi kabisa. Na chukua isiyo na rangi nyeusi nyingi, ramani za mapango yenye giza zinamaliza katriji haraka sana.