Jiko moja, midomo sita

SWALI: Shangazi habari ya huko. Mimi niko Kondele hapa Kisumu, ni Mluhya wa Kakamega nimeolewa na Mjaluo, na chakula ndio inaniletea shida kwa nyumba. Mzee anataka omena (hao samaki wadogo, dagaa) ya supu na ugali, hiyo hata ukimpea wiki nzima hasemi kitu. Watoto wawili wakubwa hawataki kuiona, eti inawaangalia na macho, na kitinda mimba akiona kitu ya kijani anaisukuma mpaka inaanguka mezani. Sasa mama mkwe amekuja kutoka Bondo anataka osuga (hiyo mboga ya mnavu, managu) na ugali ya mtama. Niko na jiko moja ya makaa na sufuria mbili. Juzi nimepika vitu nne tofauti, tumekula saa nne usiku watoto washalala kwa kochi. Nifanye aje?

JIBU: Pole mama, nimecheka hapo kwa macho lakini pole. Wewe usipike vitu nne, pika kitu moja halafu uigawe njiani. Chukua omena yako uioshe na maji moto mara mbili tatu hivi, usimwage maji na omena pamoja, inua omena na mkono juu ndio mchanga ubaki chini, kisha uchuje ikauke kidogo kwa sinia. Hao wanaogopa macho wape kazi ya kutoa vichwa, mtoto akishika kitu na mikono yake uoga unapungua, na hata asipokula basi kazi imefanyika. Weka mafuta ya kutosha, kaanga bila kifuniko mpaka ukikoroga usikie inakwaruza kama majani makavu. HAPO ndipo unagawa. Toa bakuli moja ya watoto, nyunyiza chumvi na ndimu, wataitafuna kama krispi. Ile imebaki unaiongezea kitunguu, nyanya ziive mpaka zipondeke, maji kidogo, na hiyo ndio supu ya mzee. Ni sufuria moja mama, na hujaongeza hata makaa.

Osuga usiipike kila jioni, huko ndio unamalizia makaa bure. Ichemshe nyingi siku moja, mwaga maji ya kwanza kama ni chungu sana (ingawa mama mkwe anaweza kukuangalia vibaya, wengine wanaupenda huo uchungu), weka maziwa, iache. Kesho yake inakuwa tamu kuliko leo. Lakini joto ya Kisumu unaijua, ichemshe asubuhi na jioni la sivyo maziwa itachacha na utaitwa mpishi mbaya mbele ya wageni.

Ugali ya mtama songea kwa ile sufuria ndogo, changanya na unga kidogo ya muhogo ndio ishikane, mtama peke yake inakatika katika. Mama mkwe akila ya kwake ya moto hatauliza ya wengine.

Huyo kitinda mimba mwache na kijani chake. Mpe boga ama viazi vitamu ile ya rangi ya machungwa, nani alisema mboga lazima iwe kijani? Wangu alikataa sukuma mpaka akaingia darasa la nne, na saa hii anaimaliza kwa sufuria nikigeuka tu.

SWALI: Niko Nakuru, githeri ikilala hakuna mtu anaigusa kwangu. Nimechoka kutupa. – Baba Pekee

JIBU: Baba hongera kwa kupika. Chemsha viazi tatu nne, kaanga kitunguu, mwaga githeri ndani na viazi, ponda na mwiko mpaka maharagwe yapasuke, ongeza dania. Wataita jina lingine na watakula. Ila kama mahindi ilikuwa ngumu tangu jana haitapondeka, hiyo irudishe kwa maji ichemke tena kwanza.