Wafuasi 18,000, wanunuzi hakuna

Swali: Nauza viatu vya kike kwenye eksibisheni moja Moi Avenue. Ukurasa wangu wa Facebook una wafuasi 18,000 na kila wiki nalipia tangazo la shilingi 1,000. Laiki zinamiminika, lakini wanaokuja kununua ni wa kuhesabu kwa vidole. Juzi mteja alilalamika kwenye komenti kwamba soli ilibanduka siku ya nne, nikaifuta. Akarudi na picha, na marafiki zake wakanivamia. Nakosea wapi?

Jibu: Dada, nimepitia posti zako za mwezi mzima. Chini ya vile viatu vyekundu, watu 11 wameuliza "bei gani?" na wote umewajibu "njoo inboksi". Ni wawili tu waliokujibu tena. Huyo anayeuliza yuko kwenye matatu, amebanwa na foleni ya Thika Road, na kurasa nyingine tatu zinauza kiatu kama hicho. Ukimficha bei anahisi unataka kumpima mfuko kwanza. Andika bei kwenye posti yenyewe, saizi zilizobaki, ghorofa, namba ya duka na till ya M-Pesa ya kulipia.

Sasa tangazo. Ukikuza posti na kuacha lengo liwe ni kupata laiki na komenti, Facebook itawatafuta watu wenye mazoea ya kulaiki. Imekupa ulichoomba! Badilisha lengo liwe ujumbe, na tangazo limpeleke mteja moja kwa moja WhatsApp. Eneo nalo usiliache Kenya nzima kama rider wako hapiti Kitengela. Kisha piga hesabu: shilingi 1,000 zikileta wanunuzi 4, kila mmoja amekugharimu 250. Kama faida yako kwa jozi ni 300, umebaki na 50. Hesabu hiyo ndiyo ya kuangalia kila Jumamosi, wala si idadi ya wafuasi.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile komenti uliyoifuta. Januari 2022 KFC, ile mikahawa ya kuku wa kukaanga, iliishiwa na chipsi hapa Kenya. Ilipoeleza kwamba viazi vyake huagizwa kutoka nje na meli zimechelewa, Wakenya waliwaka mtandaoni: nchi ina wakulima wa viazi tele, iweje? Wito wa kuisusia ukaenea, na kampuni ikalazimika kuahidi kushirikiana na wakulima wa hapa. Maelezo yale ya usafiri yalikuwa ya kweli, ila hayakugusa kilichowauma watu. Uingereza, Februari 2018, KFC hiyo hiyo iliishiwa na kuku wenyewe, mamia ya maduka yakafungwa. Huko ilinunua ukurasa mzima wa gazeti ikaomba radhi bila kuzungukazunguka, na watu wakaisifu.

Wewe huhitaji gazeti. Rudi pale pale alipolalamikia uandike: "Pole sana. Soli kubanduka siku ya nne si sawa, na nilikosea kufuta komenti yako. Lete kiatu nikubadilishie, au nitume boda akichukue kwa gharama yangu." Usimwombe afute chochote. Waliosoma lalamiko wasome na jibu, maana wengi wao hawajawahi kununua kwako na ndio wanaoamua sasa.

Jambo jingine dogo nililoliona: unaposti picha za wateja wakijaribu viatu. Waombe ruhusa kwanza, ikiwezekana kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 si mapambo; mwaka 2023 kilabu kimoja cha Nairobi kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake.

Na kabla hujalipia tangazo lingine, shuka stoo ukague jozi zilizokuja na mzigo ule wa soli mbovu. Zikunje kwa mkono mojamoja. Zinazoachia gundi zirudishe kwa aliyekuletea, na posti za viatu hivyo uzitoe leo.