Maswali na Majibu ya Wasomaji: Kifaa cha Kiganjani Kinapogoma Kusawazisha Baada ya Kompyuta Kubadilishwa

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu vifaa vya kiganjani vya Palm na vya Windows Mobile ambavyo vilisawazisha data vizuri kwa miaka, mpaka siku kompyuta ya mezani au programu yake ilipobadilishwa. Vifaa hivi havitengenezwi tena, lakini ndani yake mna majina, miadi na madokezo ambayo wenyewe hawana mahali pengine. Kwa sababu hiyo nimeeleza kwa kirefu pale ambapo hatua moja ya haraka inaweza kufuta kila kitu, na kwa kifupi pale ambapo tatizo ni usumbufu tu.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilinunua kompyuta mpya na nikahamishia humo folda zote za ile ya zamani. Shughuli hiyo ilichukua muda, na Palm yangu iliisha chaji kabisa. Nilipoichaji iliwaka ikiwa tupu, haina hata jina langu. Je, nikibonyeza kitufe cha kusawazisha, data itarudi?

JIBU: Ndugu msomaji, usibonyeze bado. Aina nyingi za Palm zilizotoka kabla ya Tungsten T5 ya mwaka 2004 zilihifadhi data katika kumbukumbu inayotegemea umeme wa betri, kwa hiyo betri ikikauka kila kitu hufutika. Ina maana kwamba nakala pekee uliyobaki nayo ni ile iliyomo ndani ya kompyuta, na nakala hiyo ndiyo ya kulindwa kwanza.

Tafuta folda ya mtumiaji. Katika matoleo ya zamani ya Palm Desktop, yaani programu ya Palm ya kwenye kompyuta, folda hiyo ilikaa ndani ya folda ya programu yenyewe, chini ya Program Files, ikiwa na jina lililofupishwa kutokana na jina lako. Hapo ndipo watu wengi wanaohama kompyuta hukwama, kwa kuwa wao hunakili nyaraka na picha zao tu, wala hawaigusi folda ya programu. Kwa hiyo kabla ya kuifuta au kuigawa kompyuta ya zamani, hakikisha folda hiyo nzima imenakiliwa mahali pawili, ikiwa ni pamoja na folda ndogo iitwayo Backup iliyomo ndani yake.

Ukishakuwa na nakala hizo, fungua mipangilio ya HotSync Manager, programu inayosimamia usawazishaji, katika kompyuta yenye data, chagua jina lako, kisha pitia kipengele kimoja kimoja: kalenda, anwani, orodha ya kazi na madokezo. Kila kimoja kina machaguo manne. Unaweza kusawazisha pande zote mbili, kuifanya kompyuta iandike juu ya kifaa, kukifanya kifaa kiandike juu ya kompyuta, au kutofanya lolote. Kwa hali yako, chagua kompyuta iandike juu ya kifaa. Chaguo la tatu ndilo la kuogopwa, kwa maana kifaa kitupu kikiandika juu ya kompyuta, huhamisha utupu wake na kuuweka mahali pa data yako.

Baada ya hapo bonyeza kitufe. Kompyuta itaona kwamba kifaa hakina jina na itakuuliza ni cha nani. Chagua jina lako lililomo kwenye orodha. Usiunde jina jipya, hata kama unaliandika sawasawa na la zamani, kwa sababu kompyuta itamhesabu huyo kuwa mtumiaji mwingine na kumfungulia folda yake mwenyewe isiyo na kitu.

SWALI: Palm TX yangu ilisawazisha bila shida kwenye Windows XP. Sasa nina kompyuta yenye Windows 7. Palm Desktop imekubali kusakinishwa, inafunguka na kuonyesha kalenda yangu, lakini nikibonyeza kitufe cha kusawazisha hakuna kinachotokea upande wa kompyuta. Nimebadilisha waya, hali ni ileile. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea popote, na waya wako huenda ni mzima. Angalia sifa za mfumo katika kompyuta yako: nina hakika karibu kamili kwamba Windows uliyonayo ni ya biti 64. Programu za kawaida za biti 32, kama Palm Desktop, hufanya kazi ndani ya Windows ya namna hiyo, ndiyo maana umeona kalenda yako. Kiendeshi ni jambo tofauti. Ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa kupitia USB hufanya kazi katika kiini cha mfumo, na kiini cha biti 64 hakipokei kiendeshi cha biti 32. Kampuni ya Palm haikutoa kiendeshi cha USB cha biti 64, kwa hiyo kusakinisha upya Palm Desktop hakutakusaidia hata ukirudia mara ngapi.

Kabla ya kupoteza jioni nzima, elewa pia tabia moja ya Palm ambayo imewachanganya wengi. Kifaa hiki hakijitambulishi kwenye USB kwa sababu tu kimechomekwa. Hujitambulisha pale tu kitufe cha kusawazisha kinapobonyezwa, na hujiondoa tena baada ya muda mfupi ikiwa hakikujibiwa. Kwa hiyo ukifungua orodha ya vifaa vya Windows usikione, usihitimishe kwamba tundu la USB limeharibika. Iache orodha hiyo wazi mbele yako, bonyeza kitufe, na utazame wakati uleule: kama kifaa kinaibuka na alama ya njano kisha kinatoweka, waya na tundu ni vizima, na kinachokosekana ni kiendeshi.

Kwa bahati nzuri, Palm TX ina Bluetooth na Wi-Fi, na njia zote mbili hazihitaji kiendeshi cha USB cha Palm. Mimi ningeanza na Bluetooth. Katika mipangilio ya Bluetooth ya kompyuta, tengeneza poti ya COM (mlango wa kupitishia data) ya mawasiliano yanayoingia, kwa kuwa kifaa ndicho kinachoanzisha mazungumzo na kompyuta ndiyo inayosubiri. Windows itaipa poti hiyo namba. Iandike namba hiyo, kisha uiambie HotSync Manager isikilize poti hiyohiyo chini ya mipangilio ya muunganisho wa seri. Kwenye kifaa, unda muunganisho mpya kwenda kompyuta kupitia Bluetooth, uuchague katika ukurasa wa HotSync, halafu usawazishe. Wanaoshindwa kwa njia hii mara nyingi wamechagua poti inayotoka badala ya inayoingia, au wameacha HotSync Manager ikisikiliza namba nyingine.

Ukipendelea Wi-Fi, washa usawazishaji wa mtandao pande zote mbili, na uhakikishe kwamba programu ya ulinzi inayochuja mawasiliano ya kompyuta inaruhusu poti ya UDP 14237 na ya TCP 14238. Zikifungwa, kifaa kitatafuta kompyuta na kukata tamaa bila kukueleza sababu.

Wenye vifaa visivyo na Bluetooth wala Wi-Fi, kama vile Tungsten E ya kwanza, wanaweza kutumia kiendeshi cha biti 64 kilichotolewa na kampuni ya Aceeca kwa ajili ya vifaa vyake vyenyewe vya Palm OS, ambacho watumiaji wengi waligundua kwamba hukubali na vifaa vya Palm. Njia nyingine ni kuendesha Windows XP ya biti 32 ndani ya kompyuta pepe, yaani programu inayoiga kompyuta nyingine, na kuikabidhi tundu la USB. Ni njia nzito, ila ni ya kuaminika.

SWALI: Baada ya kuhamia kompyuta mpya na kusawazisha, kila jina katika orodha yangu linaonekana mara mbili, na baadhi mara tatu. Nifute moja moja?

JIBU: Usianze kufuta kabla ya kujua chanzo, la sivyo yatarudi. Kila kumbukumbu ndani ya Palm, yaani kila jina, miadi au dokezo, ina namba yake ya utambulisho, na kwa namba hiyo kompyuta hujua kwamba jina lililoko kwenye kifaa ndilo lilelile lililoko kwake. Ukihamisha data kwa kutoa faili katika kompyuta ya zamani na kuliingiza katika mpya, majina hufika yakiwa hayana namba zile. Kifaa kinapokuja kusawazisha, kompyuta inaweza kuwaona watu wawili pale ulipo mmoja, ikawahifadhi wote kwa nia njema ya kutopoteza kitu. Tofauti ndogo, kama nafasi iliyozidi ndani ya namba ya simu, inatosha kuleta matokeo hayo. Mara tatu hutokea pale Outlook nayo inapohusishwa, hasa ikiwa programu mbili tofauti za kusawazisha zimewekwa na zote zinashughulikia anwani zilezile.

Zima moja ya programu hizo kwanza. Kisha, kama nakala ya folda ya zamani ya mtumiaji bado ipo, irejeshe kwenye kompyuta na uifanye kompyuta iandike juu ya kifaa mara hiyo moja, ukikumbuka kwamba majina uliyoyaongeza kwenye kifaa baada ya kuhama yatapotea usipoyaandika pembeni. Kama nakala haipo, safisha orodha upande wa kompyuta, ambako kioo ni kikubwa na majina yanaweza kupangwa kwa alfabeti, halafu kompyuta iandike juu ya kifaa.

SWALI: Nimebadilisha kifaa chenyewe, kutoka Palm ya zamani hadi Tungsten. Tangu nilipokisawazisha kwa mara ya kwanza, kinajizima na kujiwasha bila kukoma.

JIBU: Palm OS 5 ilipokuja mwaka 2002, vifaa viliacha prosesa za jamii ya Motorola 68000 na kuhamia ARM. Programu za zamani hufanya kazi ndani yake kwa kuigizwa mazingira ya awali, na zile zilizozoea kuingilia mfumo moja kwa moja hukiangusha kifaa. Usawazishaji wako wa kwanza umezirudisha zote kutoka katika folda ya Backup. Ibadilishe folda hiyo jina, rudisha kifaa katika hali ya kiwandani, na usawazishe tena: kalenda na anwani zitarudi, kwa kuwa hazitegemei folda hiyo. Baada ya hapo sakinisha programu zako moja baada ya nyingine, ukianza na zile usizoweza kuishi bila hizo.

SWALI: Kifaa changu cha Windows Mobile kinachaji kikichomekwa kwenye kompyuta yenye Windows 10, lakini hakiunganiki. Zamani kiliunganika kwenye kompyuta hiihii.

JIBU: Kilichobadilika ni sasisho la Windows 10 la mwaka 2017, toleo 1703. Kuanzia hapo, kompyuta zenye kumbukumbu ya kutosha huendesha kila huduma ya mfumo peke yake, ilhali huduma mbili za Windows Mobile Device Center (programu inayounganisha vifaa hivyo na kompyuta), yaani RapiMgr na WcesComm, ziliundwa zikae pamoja. Katika rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio ya mfumo inayofunguliwa kwa programu ya regedit, ndani ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services, fungua kila moja ya huduma hizo, ongeza thamani ya DWORD iitwayo SvcHostSplitDisable, uipe 1, kisha uwashe kompyuta upya. Hifadhi nakala ya rejista kabla ya kuigusa. Ikiwa bado kinagoma, fungua mipangilio ya muunganisho wa USB kwenye kifaa na uondoe alama ya vema kwenye chaguo la huduma za juu za mtandao, ili kiache kujionyesha kwa kompyuta kama kadi ya mtandao ambayo programu za ulinzi huizuia.

SWALI: Ninatumia Mac. Je, ninaweza kuiboresha na bado nikaitumia Palm?

JIBU: Ukivuka Mac OS X 10.6, hapana, si kwa Palm Desktop. Programu hiyo iliandikwa kwa ajili ya prosesa za PowerPC, na toleo 10.7 la mwaka 2011 liliondoa Rosetta iliyokuwa ikiiwezesha kufanya kazi kwenye Mac za Intel. Toa data yako kwanza, kisha uboreshe.

SWALI: Nimechoka kuhangaika. Ninataka kuhamishia kila kitu kwenye simu. Nitajuaje kwamba hakuna jina lililobaki nyuma?

JIBU: Sawazisha kwa mara ya mwisho, kisha katika Palm Desktop zifichue kumbukumbu ulizoziweka za siri, chagua anwani zote na uzitoe kama faili la vCard. Kalenda itoe kama faili la vCal. Faili la vCard ni maandishi ya kawaida, kwa hiyo lifungue kwa programu ya kuandikia na utafute maneno BEGIN:VCARD. Kila yanapoonekana, ni mtu mmoja. Kwenye kifaa nako, fungua menyu ya ukurasa wa kwanza wa programu, nenda kwenye taarifa za programu na uchague idadi ya kumbukumbu: utaona tarakimu mbele ya anwani. Linganisha hesabu hizo mbili. Zikitofautiana, usikifute kifaa kwanza. Angalia kama kuna kundi la anwani lililoachwa nje wakati wa kuchagua, ulitoe faili upya, na uhesabu tena kabla ya kuliingiza kwenye simu.