Bodi si ya kwanza, sawa. Karatasi ziko wapi?

Ndugu, umeuliza kama Rolls-Royce 20/25 ya 1934, iliyovuliwa bodi ya saluni (yenye paa gumu) ikavishwa ya wazi, bado ni gari halisi. Ni halisi. Enzi hizo kiwanda kiliuza chasisi na injini tu; bodi iliundwa na kampuni nyingine, kama Hooper au Barker, kwa matakwa ya mnunuzi. Kubadilisha bodi si dhambi. Dhambi ni kuuza bodi ya juzi kwa bei ya ile ya kwanza.

Mdai muuzaji nakala ya kadi ya chasisi, yaani rekodi ya kiwanda ya gari lilivyotoka. Rolls-Royce Enthusiasts' Club ya Uingereza inatunza rekodi hizo. Kisha linganisha namba zilizo kwenye chasisi na injini na zile za kwenye kadi, wewe mwenyewe, si kwa picha za simu.

Taka pia picha za ukarabati kabla ya rangi kupigwa. Chini ya bati kuna fremu ya mbao. Ikioza, milango inalegea na kukataa kufunga vizuri. Rangi inayong'aa isikubabaishe (wauzaji wanajua tunapenda kung'aa). Na uliza kama chasisi ilifupishwa. Ikiwa ndiyo, mimi ningeliacha.