Muulize Karani Mstaafu: Saa 11 Ipi?

Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kikoba chetu hapa Tukuyu. Kwenye tangazo huandika "tarehe 5/6, saa 4 asb". Binti yangu aliyemaliza chuo anasema nimepitwa na wakati, niandike "05-06, 10:00". Nimfuate?
Katibu, Tukuyu

Marahaba, mwanangu. Nilikata tiketi za basi pale Mbeya miaka mingi, na kuna tiketi moja bado inanikera. Niliandika "11:00", basi. Gari likaondoka saa 11 alfajiri. Mwenye tiketi, bwana mmoja wa Chunya, akafika saa 5 asubuhi, kaoga, kachana nywele, jogoo yumo kwenye tenga. Alikuwa ameisoma kama simu inavyosoma. (Huyo jogoo nadhani alijaribu kumwambia mapema.) Nauli niliirudisha kutoka mfukoni mwangu.

Tangu hapo siandiki saa bila kutaja ni alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Ukiwawekea kina mama "10:00", nusu watakuja saa 10 jioni, na hawatakuwa na kosa. Saa zetu tunazihesabu tangu jua kuchomoza. Binti abaki na 10:00 yake huko kazini. Na mkiwa na mkesha, andika "usiku wa kuamkia Jumapili". Ukiandika "Jumapili saa 6 usiku" wengine watachelewa siku nzima.

Hiyo 05-06 ndiyo siitaki kabisa. Sisi tunaanza na siku, Wamarekani wanaanza na mwezi, kwa hiyo 5/6 kwao ni tarehe 6 Mei. Niliwahi kubishana na muuza pembejeo juu ya chupa ya dawa ya viazi kwa namba za namna hiyo, kama imekwisha muda au bado. Nane Nane peke yake haina ugomvi, 8/8 isome utakavyo. Mwezi utaje kwa jina. Binti akipenda sana tarakimu, afuate utaratibu wa kimataifa wa ISO 8601, uliotoka mwaka 1988, unaotanguliza mwaka: 2025-06-05. Akihifadhi mihtasari yenu kwa majina hayo, kompyuta itaipanga yenyewe kwa tarehe.

Kwa ubao wa kikoba, andika hivi: "Alhamisi, 5 Juni 2025, saa 4 asubuhi." Faini ya kuchelewa ianze saa 4 na robo, maana baridi ya Juni huko kwenu naijua.