Mama anatunga sindano, toroli halioni

Mkuu, umeuliza namna ya kuwaelewesha ndugu zako kwamba baba yenu haoni vizuri, wakati wanamwona anasoma gazeti mwenyewe. Hilo limetukuta.

Mama yetu anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Ana glakoma, presha ya macho. Uzi kwenye sindano anatunga mwenyewe, lakini alikuwa anagonga matoroli na kupita watu bila kuwasalimu. Wenzake sokoni wakasema anaringa. Sisi wanawe, inaniuma kuliandika hili, tulidhani anadeka.

Daktari alisema ugonjwa umekula uoni wa pembeni, umebakiza wa katikati. Tukaitikia tu. Kuelewa kulikuja nilipochukua miwani ya plastiki ya fundi, nikaziba vioo kwa solotepu nyeusi na kuacha tundu la punje ya choroko mbele ya kila mboni. Kaka akavaa, akasoma meseji bila shida. Nikamwambia akachukue ndoo mlangoni. Kigoda hakukiona, na mdogo wetu aliyempa mkono akiwa ubavuni hakumwona kabisa. Akarudi, akakaa kimya, kisha akauliza, "Mama, sasa pale Mwaloni unapitaje?"

Mama akaeleza: anageuza kichwa huku na huku kila hatua chache, anafuata ukuta, muungurumo wa toroli anausikia kabla halijamfikia. Hapo msiparuke. Aliyevaa miwani dakika tano hana ujuzi huo, anaweza kuivua akiamini mzee hawezi lolote, mkaishia kumfungia ndani. Baba ndiye aongoze zoezi, na kitambaa cheusi msitumie, kwa kuwa yeye si kipofu.

Waambie pia miwani ile si sahihi kwa jambo moja: mama haoni weusi pembeni. Ubongo unajaziliza pengo, ndiyo maana alichelewa kugundua.

Ila ulizeni kwanza baba ana tatizo gani. Ukungu wa mtoto wa jicho unaigwa kwa kupaka mafuta ya mgando kwenye vioo, kisha mtu asimame penye jua kali la mchana.

Kama ni glakoma, nendeni wote mkapime. Inaweza kurithiwa kwenye ukoo, na uoni ukishapotea haurudi. Kwetu tulipima wanne, kaka akakutwa nayo. Anatia matone kila jioni, na mama ndiye anayemkumbusha.