Kabla Hujamwalika Mgeni wa Heshima

Chini ya kitanda changu kuna katoni mbili za vitabu. Ni kitabu changu mwenyewe, kinahusu mashairi ya malumbano, yale ya washairi kujibizana, kazi ya miaka 6, na katoni hizo zimekaa hapo tangu wiki ya uzinduzi. Kitabu si kibaya. Wahakiki wawili walikipitisha, na mmoja wao si mtu wa kusifu ovyo. Kilichoniponza ni hafla.

Tulikuwa tumepanga saa nne asubuhi, tukaanza saa sita na nusu kwa sababu mgeni wa heshima alikwama kwenye foleni ya Barabara ya Thika. Kila aliyeshika maikrofoni alisema "itifaki imezingatiwa," kisha akaanza kuizingatia upya, jina baada ya jina. Vitabu vilikuwa mezani, vimefungwa kwa karatasi ya zawadi na utepe mwekundu. Wakati wa kuukata ulipofika hakuna aliyekuwa na makasi. Mgeni wa heshima akausaga kwa ufunguo wa gari mpaka ukakubali, tukapiga makofi, akainua nakala moja mbele ya kamera, akairudisha mezani bila kuifungua. Hotuba 7, na hakuna hata moja iliyotaja ubeti mmoja. Sambusa zilipotokea mlangoni, ukumbi wote ukazifuata. Niliuza nakala 11, mbili kati ya hizo kwa shangazi yangu.

Tangu siku hiyo idara imenifanya mwandalizi wa hafla za namna hii, nadhani kwa kunihurumia. Nimeshaandaa za wenzangu kadhaa, na haya ndiyo ninayomwambia kila anayekuja ofisini na kitabu kipya mkononi.

Kabla hujamtafuta mkubwa wa kuzindua, tafuta mtu atakayekisoma. Mpe nakala mwezi mzima mapema. Wakiwa wawili ni bora: mmoja wa fani yako, mwingine wa nje kabisa. Mwanahistoria akisoma kitabu cha isimu huuliza yale ambayo sisi tumezoea kuyaruka. Waombe waje na kurasa tatu tu, zile zilizowafurahisha au zilizowakera, wazisomee palepale. Nawe mwandishi usome, dakika 10, baada ya kufanya mazoezi nyumbani kwa sauti. Wahadhiri tunadhani tunajua kusoma mbele ya watu kwa kuwa tunafundisha kila siku. Hatujui. Tunasoma kama tunaita rejista.

Siku: Jumatano, saa nane mchana. Ijumaa jioni Nairobi ni ya kutafuta matatu ya kwenda nyumbani, na mvua ikinyesha, sahau. Chai itangulie maneno. Hilo nililibishania muhula mzima na mwenyekiti wa idara, aliyeamini kwamba watu wakishakula wataondoka. Wakishakula hukaa. Wenye njaa ndio huondoka.

Bei iandikwe kwa maandishi makubwa, na namba ya till ya M-Pesa iwe kwenye kila meza, isiwe mlangoni peke yake. Weka mwanafunzi wa kuuza, umlipe. Wenzangu wengi huona haya kuuza. Eti chema chajiuza. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kuchapisha kitabu cha fonolojia.

Kama unajichapishia, hakikisha ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, imeshatoka kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Hapa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba za Taifa. Halafu mwalike mkutubi wa chuo, na umkabidhi nakala wiki moja kabla ya hafla, ili mwanafunzi akienda kuiulizia kesho yake aikute.

Jambo ambalo nimechelewa kulielewa ni kwamba tunasherehekea vitabu tu. Makala ya jaridani, ambayo huenda imemtoa mtu jasho miaka mitatu, huishia kwenye fomu ya kupandishwa cheo. Ajabu yake ni kwamba hii ni Nairobi. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa bado akiitwa James Ngugi, pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walitoa waraka hapa chuoni wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Chuo chenyewe kilikuwa hakijapata jina la Chuo Kikuu cha Nairobi, kililipata 1970. Ulikuwa waraka wa kurasa chache, na bado tunaufundisha. Sidhani kuna aliyeukatia utepe.

Basi mwaka jana mwenzangu alipotoa makala kuhusu lugha ya makanga, yaani makondakta, na madereva wa matatu, nilimwambia tuifanyie alasiri yake. Akacheka. Nikamwambia pia amwalike makanga aliyempa maneno, wa matatu namba 58, ile ya Buruburu. Hapo hakucheka, akasema atatafuta namba yake.

Kijana alikuja na shati lake la kazi, la rangi ya damu ya mzee, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango. Mwenzangu alipomaliza kusoma, akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Ukurasa wa 9 umesema skwodi ni kundi la makanga. Skwodi ni mtu mmoja. Ni yule anakushikia gari tripu moja, mbili, ukienda kula."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mwenzangu akachukua kalamu, akafuta mstari kwenye nakala yake, akamwomba arudie polepole. Kuanzia hapo maswali hayakukatika kwa dakika 40, na waliouliza zaidi ni wanafunzi waliokuja kwa ajili ya sambusa. Mkuu wa kitivo alichelewa mkutano wake mwingine, na sikumwona akitazama saa.

Kwa hiyo mwalike aliyekupa data: mganga, mwimbaji wa taarab, mzee wa mtaa, yeyote. Na umlipe. Yule kijana alipoteza mapato ya siku nzima. Tulichangishana tukampa shilingi 1,500, na bado nadhani tulimpunja.

Mwezi ujao nazitoa zile katoni chini ya kitanda. Uzinduzi wa pili wa kitabu kilekile, jambo ambalo mwenyekiti anasema halijawahi kutokea. Hakuna utepe. Nimewaalika washairi wawili ambao beti zao zimo katika sura ya nne, na mmoja ameshanipigia simu kusema nilimnukuu vibaya na atakuja kulisema hilo mbele ya watu. Nimempangia kiti cha mbele. Shangazi naye ameuliza kama ni lazima anunue tena.